Bibi Asma'u, Binti wa Shehu wa Sokoto

Wasomaji wetu wamekwisha kusikia habari za dola ya Kiislamu ya Sokoto, iliyosimama katika Afrika ya Magharibi tangu mwanzo wa karne ya kumi na tisa mpaka Waingereza walipoiteka mwaka 1903. Wamesikia pia jina la mwanzilishi wake, Sheikh Uthman bin Fodio, ambaye watu wake humwita Shehu. Leo twapenda kueleza maisha ya binti yake, Asma'u. Huko kwao, katika nchi iitwayo sasa Nijeria ya kaskazini, bibi huyu hahitaji kujulishwa kwa mtu. Ziko shule za wasichana zilizoitwa kwa jina lake, na wanawake wengi huzitaja habari zake kama wanaotaja habari za jamaa. Huitwa Nana Asma'u, na hilo Nana ni neno la heshima, kama sisi watu wa pwani tunavyosema Mwana au Bibi.

Twaandika habari zake kwa sababu maalumu. Katika miji yetu hayaishi mabishano juu ya mwanamke na elimu. Wako wasemao kuwa akisha kuhitimu Juzuu na kujua kutawadha na kuswali, basi yamtosha, na yaliyosalia ni kazi ya waume. Na wako wengine wasemao kuwa mwanamke hataweza kusimama kwa miguu yake mwenyewe mpaka aiache dini na ada za wazee wake. Makundi haya mawili hayapatani kwa lolote ila kwa moja: yote mawili humdhania mwanamke wa Kiislamu kuwa hana kitu chake mwenyewe, wala hawezi kukiunda. Bibi Asma'u alikiunda, tena kikubwa, na hakuomba ruhusa ya kundi lolote katika haya mawili.

Alizaliwa mwaka 1793 katika mji mdogo wa Degel, katika nchi ya Gobir, pamoja na ndugu yake pacha aliyeitwa Hassan. Desturi ya huko ni kuwa pacha wa kike wa Hassan huitwa Hussaina. Shehu aliiacha desturi, akamwita bintiye Asma'u, kwa jina la Bibi Asmaa binti Abubakar, yule aliyekuwa akipeleka chakula katika pango la Thaur wakati wa Hijra, hali maadui wako njiani. Watu walishangaa kidogo kwa jina hilo. Baadaye, walipoona mambo aliyoyafanya, walisema kuwa baba alikuwa ameona mbele.

Yafaa ijulikane kuwa elimu haikuingia katika nyumba ile pamoja na Asma'u. Shehu mwenyewe alipata masomo yake ya mwanzo kwa mama yake, Hauwa, na kwa bibi yake, Ruqayya. Dada mkubwa wa Asma'u, aitwaye Khadija, aliutafsiri Mukhtasar wa Sheikh Khalil kwa lugha ya Kifulani, na kitabu hicho kwa Wamaliki ni kama Minhaj ilivyo kwetu Mashafii. Mwenye kukijua hatadhani kuwa ni kazi ya mwanagenzi. Basi binti huyu alikulia mahali ambapo kumwona mwanamke ameinama juu ya kitabu ni jambo la kila siku. Aliihifadhi Qurani, akasoma fiqhi, lugha na tasawwuf, na akawa na lugha nne: Kifulani cha wazee wake, Kihausa cha watu wengi wa nchi, Kiarabu cha wanavyuoni, na lugha ya Watuareg.

Lakini hata nyumba kama ile haikusalimika na lawama. Shehu alipokuwa akitoa waadhi huko Degel, wanawake walikuwa wakija kumsikiliza, wakikaa upande wao. Mwanachuoni mmoja wa nchi ya Bornu, aitwaye Mustafa Goni, alimletea beti za kumlaumu, akamtaka awakataze wasije. Jibu lilitoka kwa Abdullahi, nduguye Shehu, naye alijibu kwa beti vile vile. Maana ya jibu lake ni kuwa yakikutana madhara mawili hustahamiliwa yaliyo mepesi, na kumwacha mwanamke katika ujinga wa dini yake ni madhara mazito kuliko huku kutoka kwake kwenda kusoma. Mwenye kusoma fiqhi ataitambua kanuni hii. Shehu naye hakunyamaza. Katika kitabu chake kiitwacho Nurul-Albab aliwakaripia wanavyuoni wanaowasomesha watu wa nje usiku na mchana, ilhali wake zao, binti zao na watumwa wao wamo gizani. Akawafananisha na mtu mwenye chombo cha nyumbani, hukitumia mpaka kikavunjika, kisha hukitupa jaani. Maneno hayo yaliandikwa zaidi ya miaka 200 iliyopita. Kila mmoja wetu aangalie nyumbani kwake kama yamechakaa.

Mwaka 1804, Asma'u akiwa na umri wa kiasi cha miaka kumi na mmoja, mfalme wa Gobir aliizidishia jamaa ya Shehu taabu, nao wakahama Degel kwenda Gudu. Vita vilifuata, na havikutulia mpaka mwaka 1808 ulipoanguka Alkalawa, mji mkuu wa Gobir. Miaka hiyo yote wanawake na watoto walikuwa wakitembea pamoja na jeshi, wakila kinachopatikana. Katikati ya misukosuko hiyo, alipopata kiasi cha miaka kumi na minne, Asma'u aliozwa kwa Gidado dan Laima, mtu aliyemzidi umri sana, rafiki wa kaka yake Muhammad Bello. Mwaka 1809 ulianzishwa mji wa Sokoto, na humo ndimo alimoishi mpaka mwisho wa umri wake. Shehu alipofariki mwaka 1817, Bello alishika ukhalifa na Gidado akawa Waziri wake.

Basi tazama mahali alipokuwapo bibi huyu. Alikuwa mke wa Waziri, mwenye wake wenza, mwenye watoto wa kulea, na nyumba kubwa isiyokosa wageni, ambayo nafaka yake yapasa kupimwa na kugawanywa kila siku. Wengi wangesema kuwa mwanamke wa namna hii maisha yake yamekwisha kupangwa na wengine, hakusalia na nafasi ya kupanga lake. Ndoa yake yatuonyesha kinyume. Gidado alikuwa mtu wa kitabu, na mke na mume walifanya kazi pamoja: waliyakusanya maandiko ya Shehu, wakayapanga, wakaandika habari za maisha yake na za Bello kabla ya mashahidi hawajafa. Mume aliandika vitabu vyake, mke akaandika vyake, na kila mmoja jina lake li juu ya kazi yake. Katika vya Bibi Asma'u mna kisa cha safari ya Shehu, tangu Degel mpaka Sokoto, alichokitunga kwa beti mwaka 1839 ili watu wasiokuwapo wapate kukihifadhi. Maandiko yake yaliyosalimika ni zaidi ya 50, na mengi ni mashairi. Alipotaka kusema na wanavyuoni aliandika Kiarabu. Aliposema na jamaa zake wa Kifulani alitumia lugha yao. Na alipotaka watu wote wamfahamu alitunga kwa Kihausa. Kifulani na Kihausa aliviandika kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu wa Pate, Lamu na Mvita walivyokiandika Kiswahili.

Sifa zake zilifika mbali. Mwanachuoni mmoja wa Shinqit, katika nchi iitwayo leo Mauritania, aliandikiana naye, naye bibi akamjibu kwa shairi la Kiarabu kama mwanachuoni amjibuvyo mwenzake. Haya yote ni makubwa. Walakini lau angeishia hapo tungesema kuwa alikuwa mwana wa wakubwa aliyepata elimu ya wakubwa, na duniani wamekuwako wengi wa namna hiyo. Jambo la kushika ni lile alilowafanyia wanawake wasiokuwa wakubwa.

Vita vilipokwisha, dola ilikuwa imejaa wanawake waliokuwa Waislamu kwa jina tu, au hawakuwa Waislamu kabisa. Wengi walikuwa wake wa wakulima katika vijiji vya mbali. Wengine walikuwa mateka, wametolewa makwao kwa nguvu, wametiwa katika nyumba za watu wasiowajua, na dini hii ilikuwa kwao ni dini ya yule aliyewashinda. Mwanamke wa kijijini hawezi kufunga safari kwenda mjini kusoma, kwani ana watoto wadogo, ana mume, ana shamba. Na waalimu wa kiume hawawezi kuingia kila ua. Basi Bibi Asma'u alishika shughuli ya kutengeneza njia yake mwenyewe, nayo ndiyo iliyolifanya jina lake lidumu.

Aliwatazama wanawake wa vijijini akaona kuwa wako wa aina mbili wanaoweza kusafiri bila ya kuharibikiwa na majumba yao: wasichana wasiofikilia kuolewa, na wanawake wazima waliokwisha kulea. Hao aliwaunga katika vikundi, wakaitwa 'Yan Taru, maana yake wale waliokusanyika pamoja. Kila kikundi alikipa kiongozi wake mwanamke, aitwaye jaji. Msomaji asimdhanie kuwa jaji wa mahakamani tumjuaye sisi. Jaji kwa Kihausa ni kiongozi wa msafara. Mama huyo huwatoa wenzake kijijini, huwaongoza njia nzima kwa miguu, huwafikisha Sokoto nyumbani kwa Bibi, na huwarudisha salama. Huko hukaa, husoma, huuliza masuala yao ambayo wanaona haya kumwuliza mwanamume, kisha jaji hurejea na alichokihifadhi, akawasomeshe wale waliobaki uani na watoto wao. Walikuwa wakija na zawadi za nafaka, siagi, asali na nguo, na Bibi akiwagawia wenye haja waliomzunguka. Hivyo elimu ilikuwa ikienda upande mmoja na sadaka upande wa pili, na mwanamume hakuhitajiwa katikati.

Sasa twaifahamu sababu ya kutunga mashairi. Karatasi ilikuwa ghali na wanaojua kusoma walikuwa wachache, lakini shairi halina uzito njiani. Alitunga beti za namna ya kutawadha na kuswali, za kufunga na kutoa zaka, za sira ya Mtume, rehema na amani zimshukie, na za habari za akhera. Alitunga shairi linalozitaja sura zote za Qurani kwa majina yake, akalifanya kwa lugha zote tatu, hata mtoto akilishika huwa na fahirisi ya Msahafu mzima kichwani mwake. Alitunga jingine la kuwataja wanawake wacha Mungu wa zamani, kama Rabia wa Basra, kisha akaendelea akawataja wanawake wa Sokoto waliokuwa wakijulikana na wasikilizaji wake. Tafakari jambo hilo. Mwanamke aliyetoka shambani na mguu una vumbi alisikia jina la Rabia na jina la jirani yake katika shairi moja. Sisi ambao mama zetu walitulea kwa tenzi na kwa Maulidi twaweza kufahamu upesi kuliko watu wengine namna elimu inavyoingia kwa sikio na kukaa. Kwa hakika wakati Bibi Asma'u yuko hai Sokoto, Mwana Kupona naye alitunga utendi wake kwa ajili ya binti yake, mwaka 1858. Wanawake wawili katika pembe mbili za Afrika, hawakujuana, na kila mmoja alikimbilia ubeti.

Liko jambo jingine katika kazi yake ambalo twalipenda sana. Katika nchi ya Gobir ya zamani wanawake walikuwa na mkubwa wao katika mambo ya bori, yaani mambo ya pepo, aitwaye Inna, na alama yake ilikuwa kofia ya ukindu iitwayo malfa. Mwanamke aliyefikwa na ugonjwa, au utasa, au dhiki ya mume, kimbilio lake lilikuwa ni huko. Bibi Asma'u hakuridhika kuwakemea tu. Alilijua lile wanalolitafuta huko: dawa, faraja, na mwanamke mwenzao wa kuwasikiliza. Basi alitunga kitabu cha kuwaonyesha tiba kwa Qurani, akaufungua mlango wake, na ile kofia ya malfa akaitwaa, akamvisha kila jaji, akaifunga kwa kitambaa chekundu. Alama iliyokuwa ya pepo ikawa alama ya mwalimu wa kike. Katika miji yetu nasi twazijua ngoma za pepo, na twajua ni nani wanaozijaza. Na waadhi wetu wamezilaani miaka mingi kutoka juu ya mimbari. Ni mara chache tumewasikia wakiuliza mwanamke aliyetoka ngomani ataingia mlango upi mwingine.

Na alipofariki mmoja wa hawa wanawake, Bibi Asma'u humwandikia shairi la kumlilia, kama alivyowaandikia kaka yake Bello na wakubwa wa dola. Mmoja ni Zaharatu, ambaye sifa zake ni kuwa alisomesha wasiojua, alihudhuria wenye kuzaa, aliwaosha maiti, na hakukawia alipoitwa. Mwingine ni Halima, jirani yake, aliyekuwa mpole na msuluhishi wa magomvi. Kazi hizo ndizo hizo hizo wazifanyazo mama zetu mitaani, na mara nyingi hazipati hata kutajwa siku ya matanga. Kuziweka katika shairi, kwa jina la mwenyewe, ni kusema kuwa ni kazi kweli, na kuwa mwenye kuzifanya ni mtu wa kukumbukwa kwa hizo, wala si kwa kuwa mama wa fulani au mke wa fulani.

Hapa yatupasa kutaja jambo ambalo wengi wenye kumsifu bibi huyu hulipita upesi. Dola ya Sokoto ilikuwa na watumwa wengi, na nyumba ya Waziri ilikuwa nao. Saa ambazo Bibi alizipata za kusoma na kutunga alizipata kwa sababu wako wanawake wengine waliokuwa wakitwanga, wakiteka maji na kupika, na miongoni mwao wako waliotekwa katika vita ambavyo yeye mwenyewe alivisifu katika mashairi yake, kama vita vya Gawakuke vya mwaka 1836. Aliwasomesha mateka, na kwa kusoma wengi waliingia katika jamaa ya mji wakawa watu wa heshima. Hili ni kweli, na ni wema. Lakini hakuna dalili katika maandiko yake kuwa aliukataa utumwa wenyewe. Sisi wa pwani, ambao majumba yetu ya mawe yalijengwa kwa mikono ya namna hiyo hiyo, si watu wa kumtupia jiwe, wala si watu wa kulifunika jambo hili.

Gidado alifariki kabla yake, na Bibi Asma'u akaendelea na kazi. Ujane haukumnyamazisha, wala haukumfanya mzigo wa mtu. Wanawake wa Sokoto walikuwa wakisokota pamba na kuuza nyuzi, na mali hiyo kwa sheria yetu ni mali ya mwanamke mwenyewe, mume hana fungu ndani yake. Basi mwanamke aliyekuja kwa Bibi alikuwa na kichumo chake mkononi, na sasa akapata na elimu yake kichwani, na wenzake wa kufuatana nao njiani. Twadhani hili la tatu ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Mwanamke mmoja mwenye elimu huweza kucheka au kulia peke yake ndani ya ua wake, na elimu yake ikafa naye. Bibi Asma'u aliwafanya wawe wengi, wanaojuana kwa majina, wenye viongozi wao na kofia yao.

Alifariki mwaka 1864, naye ana umri wa kiasi cha miaka sabini na mmoja. Uongozi wa 'Yan Taru ulishikwa na mdogo wake, Maryam, aliyekuwa mwanachuoni kama yeye. Maandiko yake yalihifadhiwa na ukoo wa Mawaziri wa Sokoto, na katika karne ya ishirini Waziri Junaidu, mwanachuoni wa ukoo huo, alikuwa na mengi nyumbani kwake. Ndipo Bi Jean Boyd, Mwingereza aliyekaa Sokoto miaka mingi, akayasoma chini ya uongozi wake, akatoa kitabu cha maisha ya Bibi mwaka 1989. Mwaka 1997 yeye na Bi Beverly Mack wa Marekani walichapisha maandiko yenyewe pamoja na tafsiri.

'Yan Taru hawakumalizika. Waingereza walikuja na kuondoka, shule za serikali zikajengwa, na bado wanawake wa vijiji vya Sokoto wameendelea kukusanyika kwa utaratibu ule ule, wazima wakiwaongoza wasichana. Hata Marekani wako wanawake Waislamu, wengi wao wa asili ya Afrika, waliojiunga kwa jina hilo, wakasomeshana dini na kusaidiana kwa mfano wa bibi ambaye katika maisha yake yote hakupata kuiona bahari.